Shajara ya mradi: Wafanya magendo na watu wa forodha katika sinema bubu

Februari

Mradi huu unalenga jambo moja: kuandaa onyesho la jioni moja la filamu za kale zisizo na sauti zinazowahusu wafanya magendo na watu wa forodha, likiambatana na simulizi ya Kiswahili ya papo kwa papo. Kipindi tulichojiwekea kinaanzia 1903, wakati filamu za kukimbizana zilipoanza kupendwa Uingereza na Marekani, na kinaishia 1918. Tumechagua msimulizi badala ya maandishi yanayopita chini ya picha kwa sababu ndivyo filamu nyingi za wakati ule zilivyoonyeshwa: mtu alisimama kando ya pazia na kuwaeleza watazamaji nani ni nani, kwa nini anakimbia, na mzigo aliobeba ndani yake kuna nini. Hapa kwetu kazi hiyo haihitaji kutambulishwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anajua kwamba msimulizi ndiye anayejaza ukumbi, na huyu tuliyempata ameifanya kazi hiyo tangu enzi za kanda za VHS.

Kabla ya kuchagua filamu ilibidi tukubaliane tunamtafuta nani. Kuna ushuru wa forodha, unaotozwa bidhaa inapovuka mpaka, na kuna ushuru wa bidhaa, unaotozwa kitu kinachotengenezwa ndani ya nchi. Katika filamu za Marekani za kipindi hiki, mtu wa serikali anayejitokeza mara nyingi ni huyo wa pili, anayewasaka watu wa milimani wanaopika wiski bila kulipa chochote. Wa kwanza huonekana zaidi katika hadithi za Ulaya, zenye mipaka mingi ya nchi kavu. Tumeamua kuwachukua wote wawili. Mamlaka ya Mapato Tanzania yenyewe inazitaja kodi hizo mbili katika jina la idara moja, na kwenye pazia watu hawa wanafanya kazi ileile: wanatoka kichakani na kumkamata mtu mkono.

Machi

Tumeanza na The Moonshiner, filamu ya kampuni ya Biograph ya 1904 iliyoongozwa na Wallace McCutcheon. Inawahusu wapika wiski wa milimani: mtambo uliofichwa, mlinzi aliyewekwa njiani, watu wa serikali wanaonyemelea, kisha mapambano. Kinachomsukuma kila mmoja hakielezwi, kwa kuwa mtazamaji wa Marekani alikijua. Tangu 1894 serikali ya shirikisho ilikuwa ikitoza dola 1.10 kwa kila galoni ya pombe kali, kiasi kilichoizidi mbali gharama ya kuipika. Mkulima aliyekuwa na shamba la mahindi kwenye bonde lisilo na barabara alikuwa na njia mbili: kuyabeba mahindi hadi sokoni kwa hasara, au kuyageuza kuwa kitu kinachotoshea ndani ya mtungi. Msimulizi wetu lazima aliseme hili katika sekunde chache za mwanzo, la sivyo filamu nzima itaonekana kuwa ni ugomvi wa wanaume wenye bunduki.

Filamu za kampuni hiyo zimetufikia kwa njia ya kipekee kidogo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuitambua filamu kuwa kazi ya aina yake hadi 1912, kwa hiyo kampuni kama Biograph na Edison zilizoea kuichapa kila fremu, yaani kila picha tuli, ya mkanda juu ya ukanda mrefu wa karatasi ya picha na kuuwasilisha katika Maktaba ya Bunge mjini Washington kana kwamba ni fungu la picha za kawaida. Mikanda ya nitrati iliungua, ikaoza, au ikayeyushwa ili madini ya fedha yaliyomo yatolewe, karatasi zikabaki. Filamu zipatazo 3,000 ziliokoka hivyo, na kuanzia miaka ya 1950 Kemp Niver alisimamia kazi ya kuzipiga tena fremu moja baada ya nyingine ili kuzirudisha kwenye mkanda wa milimita 16. Chembechembe na mikwaruzo inayoonekana katika nakala nyingi za kazi za wakati huo ni ya karatasi, na kwa maoni yangu haifai kusafishwa.

Hesabu iliyotushughulisha zaidi mwezi huu ni ya muda. Mkanda wa milimita 35 una fremu 16 kwa kila futi. Ukiuendesha kwa fremu 16 kwa sekunde, futi moja inapita kwa sekunde moja, na mkanda wa futi 1,000 unakwisha kwa dakika 16 na sekunde 40. The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter, ambayo tunaitumia kama kipimo cha filamu za mkimbizano ingawa wahusika wake ni majambazi wa treni, ilitangazwa na Edison kuwa na futi 740. Msimulizi akijua urefu wa kila picha kwa futi, anajua pia ana pumzi ya maneno mangapi kabla picha haijabadilika. Tumemtengenezea jedwali, naye amelipokea kwa adabu na kuliweka mfukoni. Anasema yeye hupima kwa macho.

Katika kuzipima picha hizo moja moja ndipo tulipokutana na jambo ambalo sasa linauongoza mradi mzima. Filamu za mkimbizano za 1903 na 1904, ikiwamo A Desperate Poaching Affray ya William Haggar wa Wales, inayohusu wawindaji haramu, zina utaratibu mmoja. Kamera imesimama mbali. Anayekimbizwa anatokea nyuma ya fremu, anakuja mbele, anapita karibu na kamera hadi sura yake inaonekana vizuri, anatoka. Ndipo wanaomfukuza wanatokea, kwa kundi, wanapita, wanatoka. Kamera haikatizwi mpaka wa mwisho awe amepita. Kisha tunahamia mahali pengine, na mambo yanarudiwa vilevile. Matokeo yake ni kwamba mvunja sheria ndiye tunayemwona kwanza kila mara, ndiye tunayemwona akiwa peke yake, na ndiye anayejikwaa, anayeangalia nyuma, anayechagua pa kupita. Mtu wa serikali ni sehemu ya kundi linalofuata. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watazamaji wamwonee huruma mhalifu. Magazeti na wahubiri wa wakati huo walilalamika kana kwamba ilikuwa hivyo, lakini huruma hiyo ilizaliwa na mahali kamera iliposimama na nani alitangulia kuingia.

Msimulizi alilielewa jambo hili kabla sijamaliza kulieleza. "Mwenye kutangulia ndiye stelingi," alisema, "na stelingi hafi." Nilimwambia kwamba katika filamu hizi mara nyingi anakufa. Alitikisa kichwa na kusema kwamba basi itabidi watu waandaliwe mapema.

Mwisho wa Machi

Tulimtembelea mzee mmoja aliyestaafu kazi ya forodha baada ya miaka mingi mpakani, ili atusaidie kuandika maneno ya upande wa afisa. Baada ya shikamoo na chai tulimwonyesha vipande vya filamu kwenye kompyuta. Aliyatazama mapambano bila kusema neno, kisha akauliza vitabu vya kuandikia viko wapi. Kwa maelezo yake, kazi yake ilikuwa hati, mihuri, kufungua mizigo na kuifunga tena, na usiku wa doria ilikuwa ni kukaa. "Mwanangu, mlanguzi anajua atapita saa ngapi," alisema. "Sisi hatujui. Unakaa kwenye njia ya panya usiku kucha na mbu wako, na mara nyingi hapiti mtu. Hiyo ndiyo kazi. Hii ya kupigana nimeifanya mara moja moja tu."

Maneno hayo yametupa swali ambalo hatukuwa tumelitunga vizuri. Kazi ya mtu wa forodha ni kungoja na kupekua, na sinema ya 1904 haikuwa na njia ya kuonyesha kungoja: picha moja ndefu ya mtu aliyekaa kichakani ingemfanya mtazamaji adhani mashine imekwama. Kwa hiyo afisa aliingizwa pale tu anapoanza kukimbia. Tumekubaliana kwamba simulizi itamrudishia kile ambacho picha haikumpa. Mlanguzi atakapokuwa akipakia mzigo, msimulizi atakuwa tayari anazungumzia wale walioko upande wa pili, ambao hawajaonekana.

Aprili

Mwezi wa mbwa. Mwaka 1906 kampuni ya Pathé ilitoa filamu ya mbwa wanaovusha bidhaa za magendo, iliyouzwa Ufaransa kwa jina Les Chiens contrebandiers. Ilikuja mwaka mmoja baada ya Rescued by Rover ya Cecil Hepworth, ambayo ilipendwa Uingereza kiasi kwamba mkanda wake wa asili ulichakaa kwa kutolewa nakala na filamu ikalazimika kupigwa upya mara mbili. Hepworth alikuwa amethibitisha kwamba mbwa anaweza kuibeba hadithi kutoka picha hadi picha bila mtazamaji kupotea. Pathé walimchukua mnyama huyohuyo wa nyumbani na kumweka upande wa pili wa sheria.

Jambo lenyewe halikubuniwa na watu wa sinema. Tumbaku nchini Ufaransa ilikuwa mali ya serikali tangu amri ya Napoléon ya mwishoni mwa 1810, na bei yake ilipangwa na serikali. Nchini Ubelgiji tumbaku iliuzwa kwa bei ya chini zaidi. Mpaka baina ya nchi hizo mbili ni tambarare, wenye mashamba, mifereji na vijia visivyohesabika. Watu wa vijiji vya mpakani waliwafuga mbwa wakubwa upande wa Ufaransa, wakawavusha hadi Ubelgiji, wakawaacha na njaa, kisha wakawafunga mzigo wa tumbaku au kahawa mgongoni na kuwaachia usiku warudi nyumbani kwenye chakula. Mafunzo yao yalikuwa na hatua moja ya kikatili: mtu alivaa sare ya forodha au iliyofanana nayo na kumpiga mbwa vibaya, mara kwa mara, mpaka mnyama akajua kuiepuka sare hiyo kwa mbali bila kuambiwa. Serikali nayo ikafundisha mbwa wake wa kuwakamata hao. Katika karne ya 19 vita hivyo vya mbwa kwa mbwa vilikuwa jambo la kawaida kaskazini mwa Ufaransa.

Hapa msimulizi na mimi tulitofautiana. Yeye alitaka mbwa wapewe majina na wazungumze, kwa sababu watoto watakuwapo. Mimi nilitaka habari ya sare isimuliwe wakati mbwa wanapofungwa mizigo, kwa sababu bila hiyo mbwa wanaonekana wamejitolea. Tumeafikiana kwamba mbwa mmoja atapewa jina na hatazungumza, na habari ya sare itasimuliwa kwa sauti ya chini, bila madoido. Tulipojaribu mbele ya vijana wachache wa mtaani, swali la kwanza kuulizwa lilikuwa kama mbwa alilipwa.

Mei

Mwezi huu tumefika kwenye badiliko lenyewe. Kati ya 1908 na 1909, mwongozaji D. W. Griffith akiwa Biograph aliifanya kuwa desturi mbinu ambayo wengine waliwahi kuigusa: kukata kutoka mahali pamoja kwenda pengine na kurudi, huku matukio mawili yakiendelea kwa wakati mmoja. The Lonely Villa ya 1909 ndiyo inayotajwa zaidi. Mara tu kukata huko kulipozoeleka, kungoja kuliwezekana. Mtu aliyekaa kichakani haonyeshwi kwa dakika nzima; anaonyeshwa kidogo, tunaenda kwa anayekuja, tunarudi kwake akiwa bado amekaa, na kila tunaporudi, kukaa kwake kunazidi kutuweka roho juu.

Ninaamini, ingawa wapo watakaoona nimeipa mbinu sifa inayowastahili waandishi, kwamba hapo ndipo mtu wa ushuru alipopata sura. Mwaka 1911 Griffith huyohuyo alitengeneza The Revenue Man and the Girl, na jina la filamu tayari linamtanguliza afisa: hadithi inamleta mlimani kwa wapika wiski na kumkutanisha na binti wa huko. Ni hadithi nyepesi, na mapenzi yake yanatatua mambo kwa urahisi uliopita kiasi. Hata hivyo, miaka saba tu nyuma mtu huyo alikuwa mmoja wa kundi linalopita mbele ya kamera likihema.

Kilele cha safari hiyo, kwa mradi wetu, ni Carmen ya Cecil B. DeMille ya 1915, aliyoicheza mwimbaji wa opera Geraldine Farrar pamoja na Wallace Reid. Filamu haikufuata opera ya jina hilo bali riwaya fupi ya Prosper Mérimée, na William, kaka yake DeMille, aliyeandika mchezo, aliisogeza biashara ya magendo mbele kabisa. Wafanya magendo wana bidhaa za kuingiza Seville. Njia ni tundu katika ukuta wa mji, na tundu linalindwa na askari Don José, anayechezwa na Reid. Wanajaribu kumhonga, anakataa. Hapo ndipo Carmen anapojitolea kumshughulikia. Mapenzi yote yanayofuata, pamoja na kisu cha mwisho, yanatokana na mlinzi mmoja aliyekataa rushwa.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko zote. Reid anasimama wima mno, kama mtu ambaye sare bado ni mpya kwake, na fedha inapoletwa mbele yake hairukii wala haikasirikii. Anaitazama tu kisha anatazama pembeni. Katika simulizi za kwetu afisa asiyehongeka huwa ama mjinga ama mtakatifu. Huyu si yeyote kati ya hao, na msimulizi alipoiona mara ya kwanza alinyamaza kuliko kawaida yake, kisha akasema kwamba pale asimwekee maneno mdomoni. Sehemu hiyo tutaiacha na muziki peke yake.

Carmen ya pili ya mwaka huohuo, iliyoongozwa na Raoul Walsh kwa kampuni ya Fox na kuchezwa na Theda Bara, imepotea. Ya Charlie Chaplin ipo: alitengeneza mzaha wa mikanda miwili akimwiga hasa DeMille, na baada ya yeye kuondoka Essanay kampuni hiyo iliunyoosha mzaha huo hadi mikanda minne na kuutoa 1916, ikiongeza vipande vipya vya wafanya magendo vilivyochezwa na Ben Turpin. Chaplin alikwenda mahakamani na kushindwa. Tutaonyesha dakika chache za Chaplin mwenyewe akiwa mlinzi, na vipande vya nyongeza tumeviacha nje; vinachosha.

Juni

Sehemu inayofuata ya onyesho haina filamu, na ndiyo niliyoifanyia kazi kwa hamu kubwa zaidi, kwa sababu ndani yake mzigo wa magendo ni mkanda wenyewe.

Jack Johnson alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi uzito wa juu, tangu 1908. Tarehe 4 Julai 1910 mjini Reno alimpiga James Jeffries, aliyerudishwa ulingoni akibebeshwa matumaini ya Wazungu, na filamu ya pambano hilo ilipoanza kusambazwa, miji mingi ya Marekani iliipiga marufuku. Mwaka 1912 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyokataza kuingiza nchini, au kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo, filamu au taswira nyingine yoyote ya mapambano ya ngumi kwa ajili ya maonyesho ya hadhara. Sheria iliandikwa kwa maneno ya jumla, lakini kila mtu alijua imetungwa kwa ajili ya nani.

Kisha tarehe 5 Aprili 1915, huko Havana, Johnson aliangushwa na Jess Willard katika raundi ya 26. Sasa waliokuwa na filamu mikononi walikuwa na pambano ambalo Mzungu ameshinda, na sheria waliyoifurahia ilikuwa imewafungia mlango. Walijaribu kuufungua kwa kesi, na Desemba 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwamba Bunge lina mamlaka ya kuzuia filamu mpakani kama linavyozuia bidhaa nyingine.

Majira ya kuchipua ya 1916, watu wa kampuni moja walikwenda Rouses Point, jimbo la New York, mahali Marekani inapopakana na Quebec. Walisimamisha hema juu ya mstari wenyewe wa mpaka. Upande wa Kanada waliweka mkanda wa pambano na taa nyuma yake. Upande wa Marekani, inchi chache tu kutoka mstarini, waliweka kamera yenye mkanda mtupu. Mashine hizo mbili zilienda sambamba: fremu moja inasimama mbele ya taa, fremu moja tupu inaipokea, zote zinasogea. Mkanda wa Kanada haukutoka Kanada. Mkanda wa Marekani ulikuwa wa Marekani tangu mwanzo. Kilichovuka mpaka kilikuwa mwanga.

Dudley Field Malone, mkuu wa forodha wa bandari ya New York, hakukubali. Kampuni, iliyojiita Pantomimic Corporation, ilimshtaki na kushindwa. Sababu ya kushindwa ni safi kisheria na mimi huipenda: sheria haikutaja mkanda peke yake bali taswira yoyote ya pambano, na taswira ndiyo hasa iliyoletwa kutoka ng'ambo, hata kama haikuja imeshikwa mkononi.

Tulipomsomea mzee wetu mstaafu habari hii alicheka hadi akavua miwani. Alisema katika maisha yake ameona sukari ndani ya jeneza na vitenge vilivyovaliwa kumi kwa pamoja, lakini mwanga hajawahi kuukagua. Kisha akauliza, kwa uzito kabisa, Malone aliijazaje fomu: thamani ya bidhaa, uzito, asili yake. Swali hilo limeingia kwenye simulizi kama lilivyo. Litaulizwa na msimulizi huku mashine ya kuonyeshea ikiwa imewashwa bila filamu, pazia likiwa jeupe, na mkono wake ukipita mbele ya taa.

Mwisho wa Juni

Mpangilio umekamilika isipokuwa mwisho wake. Onyesho litafungwa na Moonshine ya 1918, ambamo wachekeshaji Roscoe Arbuckle na Buster Keaton ni watu wa serikali wanaowatafuta wapika wiski. Humo mna mzaha mmoja unaohitimisha mkimbizano wote wa 1904 kwa kuucheka: gari moja dogo linasimama na maafisa wanaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, wakaendelea kushuka hata wakawa kikosi kizima. Ulifanywa ndani ya kamera, kwa kufunika nusu ya lenzi wakati wa kupiga na kisha kuifunika nusu ya pili, ili watu wapande upande wa pili wa gari bila kuonekana. Kundi lile lisilo na sura, lililokuwa likimfuata mlanguzi kutoka nyuma ya fremu, hapa limepata mlango wa kutokea.

Msimulizi anataka kuwahesabu kwa sauti wanaposhuka na kuwaomba watazamaji wahesabu naye. Nimekubali. Kilichobaki ni kurekodi muziki wa sehemu ya Don José, ambao mpiga udi ameuahidi kabla ya katikati ya Julai, na kupunguza maelezo ya ushuru wa mwanzo, kwa kuwa kwa sasa yanavuka urefu wa picha yake kwa futi 9.